Siku sita Cassis: hori nyeupe, genge jekundu na upepo wa mistral

Cassis ni mji mdogo wa bandari kusini mwa Ufaransa, kilomita 20 hivi mashariki ya Marseille. Wakazi wake ni kama 7,000, na gati lake unalimaliza kwa dakika kumi za kutembea polepole. Kwa gati hilo peke yake siku moja ingetosha. Kinachovuta watu ni pande zake mbili. Magharibi, majabali meupe ya chokaa yamepasuliwa na hori ndefu nyembamba ambazo wenyeji huziita calanques. Mashariki, genge la rangi ya kutu limesimama wima juu ya maji. Hilo ndilo Cap Canaille, na sehemu yake ya juu kabisa, Grande Tête, inafika mita 394. Ufaransa haina genge la bahari lililo refu zaidi. Wauza safari hutia chumvi na kusema ni Ulaya nzima, lakini Ireland peke yake ina magenge yanayozidi mita 600.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Ratiba za treni na mabasi ya Ufaransa huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo saa 2 asubuhi utaikuta 08:00, na saa 12 jioni ni 18:00.

Kabla ya siku ya kwanza: upepo na moto

Siku zilizo hapa chini zina namba, lakini upepo ndio utakaokuambia uanze na ipi. Mistral hutoka kaskazini-magharibi, ukishuka na bonde la mto Rhône. Ni upepo mkavu, wa baridi, na ukikasirika hupita kilomita 100 kwa saa. Anga huwa safi kabisa, jua kali, na ndiyo maana wageni wengi hudanganyika: dirishani wanaona siku nzuri, juu ya genge hawawezi kusimama. Upepo wa pili hutoka mashariki, wanauita levant. Huo huleta mawingu, mvua na mawimbi, na ghuba ya Cassis haina kinga ya kutosha upande huo. Aliyezoea kaskazi na kusi, pepo zinazokaa kwa miezi, hapa ahesabu kwa siku: mistral unaweza kuanza usiku, ukakaa siku moja au tatu au wiki, kisha ukakatika ghafla.

Mpangilio unaofaa ni huu. Siku tulivu kabisa ipe bahari au Cap Canaille. Siku ya upepo wa wastani ipe njia za ndani ya mabonde, kama zile za kwenda hori za Port-Pin na En-Vau. Siku ya mistral mkali nenda Marseille. Ukishika mpangilio huo, siku sita zinatosha. Ukishupalia ratiba uliyoiandika nyumbani, mbili kati ya hizo zitapotea.

Moto ni jambo la pili. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba, mkoa hutoa kila jioni, mnamo saa 12, ramani ya hatari ya moto kwa siku inayofuata. Rangi nyekundu maana yake milima imefungwa, na anayekutwa ndani hutozwa faini ya euro 135. Programu ya simu ya Hifadhi ya Taifa ya Calanques, inayolinda milima na bahari hii, inaitwa Mes Calanques na inaonyesha rangi hiyo hiyo. Isome jioni, ukisubiri asubuhi utakuwa umeshafunga begi bure. Ukali huo una sababu. Misonobari ya hapa ina utomvu mwingi, ardhi imekauka toka Mei, na upepo ukishasukuma moto ndani ya bonde hakuna barabara ya kuwatoa watu. Julai 2009 moto ulioanzia kwenye mazoezi ya kulenga shabaha ya jeshi, kambi ya Carpiagne, uliteketeza zaidi ya hekta 1,000 na kufika ukingoni mwa Marseille.

Kwa sababu hizo miezi mizuri ni Aprili, Mei na Oktoba. Julai na Agosti kuna joto, umati, na uwezekano mkubwa wa kufungiwa njia.

Siku ya 1: Marseille hadi Cassis, kisha Presqu'île jioni

Treni za mkoa hutoka kituo cha Saint-Charles, Marseille, zikifuata reli ya kwenda Toulon, na hufika Cassis kwa takriban nusu saa. Kosa la kwanza la wengi linaanzia hapa. Kituo cha Cassis hakipo mjini. Kiko juu, kati ya mashamba ya mizabibu, kilomita 3 na nusu kutoka gatini. Kuna basi dogo la mji linaloteremka, lakini jioni sana na Jumapili safari zake huwa chache, kwa hiyo angalia ratiba yake kabla ya kuchagua treni. Kwa miguu ni dakika 45 za kushuka, kwenye barabara nyembamba ambayo mahali pengine haina njia ya waendao kwa miguu. Mwenye sanduku la magurudumu asijaribu.

Anayekuja na gari asiliingize mjini msimu wa joto. Aliache kwenye maegesho ya Gorguettes, juu ya mji, ambako mabasi ya kuwashusha watu hufanya kazi siku za msongamano. Maegesho ya katikati ni ya kulipia na hujaa mapema asubuhi.

Mchana wa siku ya kufika unatosha kwa Presqu'île, rasi ndogo iliyo kati ya hori ya Port-Miou na bahari wazi. Kutoka gatini unafuata ufuo kuelekea magharibi, unapita fukwe ya Bestouan, kisha unapanda barabara ya makazi mpaka mwisho wake. Ni mwendo wa nusu saa. Hapo pana njia ya mviringo iitwayo Sentier du Petit Prince, yenye vibao vya kueleza mimea na mawe, na saa moja inatosha kuizunguka bila haraka. Watoto wanaimudu, ila mawe yake yamechongoka na kandambili hazifai.

Saa ya kuwa pale ni mbili za mwisho kabla ya jua kuzama. Genge la Cap Canaille liko ng'ambo ya ghuba, limeangalia magharibi, na mwanga wa jioni hulipiga usoni: linaanza kahawia, linakuwa rangi ya chungwa, mwisho jekundu. Asubuhi genge hilo hilo ni kivuli kitupu, picha haitoki. Kanuni hiyo ifuate safari nzima: Canaille itazamwe jioni ukiwa magharibi, na hori zitazamwe asubuhi ukiwa juu ya Canaille.

Ukitaka kuogelea wakati wa kurudi, Bestouan ina maji baridi kuliko Grande Mer, fukwe kubwa ya mji, ingawa zote ziko ghuba moja. Chini ya miamba ya Bestouan hutoka mto wa chini ya ardhi, na maji yake huchanganyika na ya bahari ufuoni. Mto mwingine kama huo hutokea ndani ya Port-Miou. Wapigambizi wamelifuata pango lake kwenda chini zaidi ya mita 200.

Kitu kingine kitakachomshangaza mtu wa pwani yetu ni maji kukaa palepale. Unguja bamvua hupanda na kushuka mita 4 hivi. Hapa tofauti kati ya kujaa na kupwa haifiki nusu mita. Ufuo mwembamba unaouona asubuhi ndio huo huo wa jioni, na hakuna haja ya kuuliza maji yanatoka saa ngapi.

Siku ya 2: Port-Miou, Port-Pin na En-Vau kwa miguu

Hii ndiyo siku ambayo watu huipandia ndege, na ndiyo inayowaumiza vifundo vya miguu. Mwendo wenyewe, kwenda na kurudi kutoka gatini, ni saa 4 hadi 5 bila kuhesabu mapumziko. Ondoka saa 1 na nusu asubuhi.

Maji ni lita 2 kwa mtu Mei, lita 3 kuanzia Juni. Ukishapita nyumba za mwisho za mji hakuna bomba, hakuna duka, hakuna kisima. Viatu viwe na soli ya mpira laini yenye meno. Raba za mjini zilizolika chini ndizo zinazotelezesha. Chukua pia kofia, na chakula kisichotaka kupikwa, maana kuwasha moto ndani ya hifadhi ni marufuku mwaka mzima. Kupiga kambi, kurusha droni na kufungulia muziki spika navyo vimekatazwa. Hifadhi ya Taifa ya Calanques ilianzishwa Aprili 2012. Inalinda kiini cha hekta 8,500 za nchi kavu na 43,500 za bahari, na walinzi wake hutembea kweli.

Kipande cha kwanza, nusu saa mpaka Port-Miou, ni rahisi. Hori hii ni ndefu kuliko zote za Cassis, inazidi kilomita moja, na imejaa mashua za matanga toka mwanzo hadi karibu na mdomo. Unaizunguka kichwani, kisha unafuata ukingo wake wa pili juu ya njia pana ya zamani ya machimbo. Mawe meupe ya Cassis yamechimbwa hapa kwa karne nyingi kwa ajili ya ngazi, masinki na magati. Kule kwenye ncha, Pointe Cacau, bado yamesimama majengo ya kumiminia mawe melini. Karibu na njia kuna tundu kwenye mwamba linalopumua: wimbi likiingia pangoni chini, hewa hutoka juu kwa kishindo. Siku ya bahari tulivu hulisikii kabisa.

Port-Pin inafika baada ya nusu saa nyingine. Ina ufuo mdogo wa mchanga na kokoto, na misonobari imemea mpaka kwenye kuta, ndiyo asili ya jina. Wenye watoto wadogo au magoti mabovu waishie hapa na wasijione wamekosa. Kuogelea Port-Pin ni raha kuliko En-Vau.

Kutoka Port-Pin njia hupanda kwenye bonde kavu mpaka uwanda wa juu. Fuata alama za mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini. Hiyo ni njia ndefu ya GR 98-51. Ukiona mistari hiyo imekatizana kwa umbo la X, umepotea, rudi nyuma. Mtego upo kwenye uwanda. Njia ndogo nyingi zimechongwa na miguu ya watu waliotafuta mahali pa picha, na baadhi hukatikia ukingoni mwa genge bila onyo. Njia isiyo na alama usiifuate hata kama inaonekana imekanyagwa sana.

Hapo juu unachagua. Ukitaka kuiona En-Vau, nenda kwenye mtazamo wa juu: unaangalia hori nyembamba ya maji ya kijani na samawati, kuta nyeupe wima pande zote mbili, na mnara mwembamba wa jiwe ambao wapandaji huuita Doigt de Dieu, kidole cha Mungu. Kwa maoni ya anayeandika haya, huu ndio mtazamo bora wa pwani nzima, na kwa wengi unatosha. Kuta ni ndefu kiasi kwamba asubuhi mapema maji huwa kivulini. Rangi zake hutoka jua likishapanda vizuri, kati ya saa 4 na saa 8 mchana.

Ukitaka kushuka, jua unachokiendea. Mteremko ni mkondo mkavu wa mawe, kama nusu saa kwenda chini, na chokaa yake imesuguliwa na nyayo za vizazi mpaka inang'aa kama kipande cha sabuni kilichotumika. Inateleza hata ikiwa kavu kabisa. Weka mguu kwenye mwamba wa kijivu unaokwaruza pembeni, kamwe si kwenye sehemu nyeupe inayometa katikati, ingawa ndiyo inayoonekana kuwa njia. Kwenye ngazi ndefu za mwamba geuka, shuka kinyumenyume ukiukabili mlima, mikono miwili ikiwa imeshika kabla hujahamisha mguu. Fimbo za kutembelea zifungwe begini, zinazuia mikono. Mvua ikinyesha, au ikiwa imenyesha alfajiri, usishuke. Ipo njia ndefu na nyororo zaidi inayofuata bonde lenyewe la En-Vau, lakini kwa anayetoka Cassis ni mzunguko mkubwa.

Chini kuna ufuo wa kokoto, na mara nyingi mshangao wa maji. Mistral ukishavuma siku mbili, husukuma maji ya juu kwenda baharini, na ya chini hupanda kuziba pengo. Hata Julai joto la maji linaweza kushuka mpaka nyuzi 15 au 14. Anayeruka kutoka kwenye mwamba akiwa amepandwa na joto la kutembea anaweza kupatwa na mshtuko wa baridi, akameza maji. Ingia polepole, lowesha shingo na kifua kwanza. Upepo ukitoka baharini, chungulia kama kuna yavuyavu wadogo wa zambarau, wanawasha vibaya.

Simu mara nyingi haina mtandao chini ya kuta. Namba ya dharura ni 112 Ulaya yote, lakini itabidi mtu apande juu kuipiga. Ndiyo sababu kwenda peke yako si busara, na ndiyo sababu ya kuweka saa ya kugeuka: ukiwa bado chini saa 10 alasiri Oktoba, giza litakukuta kwenye mawe.

Siku ya 3: mistral ukivuma, Marseille

Siku ya upepo mkali ni ya mjini. Treni ile ile inakurudisha Saint-Charles, na kutoka hapo unashuka kwa miguu au kwa metro mpaka bandari ya kale. Marseille ndiyo yenye jamii kubwa kuliko zote ya Wakomoro walio nje ya visiwa vyao, na msemaji wa Kiswahili akitega sikio sokoni ataokota maneno mengi anayoyajua.

Kinachohusu safari hii kipo pembeni mwa bandari: nakala ya pango la Cosquer, iliyofunguliwa Juni 2022. Pango lenyewe liko chini ya Cap Morgiou, katikati ya hori zile zile. Mlango wake uko mita 37 chini ya maji, na nyuma yake kuna njia ya mita 175 inayopanda mpaka chumba chenye hewa. Mpigambizi Henri Cosquer aliingia mara ya kwanza 1985, na 1991 habari ya michoro ikatangazwa. Kuna alama za viganja, farasi, sili, na ndege wa baharini wasioruka ambao leo wametoweka duniani. Ya zamani zaidi inazidi miaka 27,000. Mwaka huo wa 1991 wapigambizi watatu walikufa ndani ya njia ile, na sasa mlango umefungwa kwa vyuma.

Pango hilo linaeleza hori zote ulizopita jana. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini ya ilivyo sasa kwa mita 120 hivi. Ufuo ulikuwa kilomita kadhaa mbele, na mlango wa pango ulikuwa kwenye mteremko mkavu. En-Vau na Port-Miou yalikuwa mabonde tu, yaliyochongwa na maji kwenye chokaa kwa muda mrefu zaidi, na barafu ilipoyeyuka bahari ikaingia kuyajaza. Kwa hiyo ukuta unaouona juu ya maji ni nusu ya juu ya bonde. Nusu ya chini imezama.

Siku ya 4: Cap Canaille hadi La Ciotat

Siku hii inataka upepo mdogo. Si suala la starehe. Ukingo wa Canaille hauna uzio, na vipande vyake vingi vimening'inia: tabaka laini za chini huliwa na mvua na chumvi haraka kuliko chokaa ngumu ya juu, basi unaweza kuwa umesimama juu ya sakafu isiyo na kitu chini yake bila kujua. Kaa hatua tano kutoka ukingoni, na picha ipigwe ukiwa umeketi.

Barabara ya juu, D141, maarufu kama Route des Crêtes, ni kilomita 15 hivi kati ya miji miwili. Ina vizuizi pande zote, na hufungwa upepo ukizidi au hatari ya moto ikipanda. Wenye gari huifanya kwa saa moja na kusimama kwenye maegesho ya mitazamo. Kwa miguu ni karibu kilomita 13, saa 5 hadi 6 pamoja na kupumzika, na tofauti ya thamani ni kubwa.

Elekea mashariki, siyo kinyume chake. Ukitoka Cassis saa 1 asubuhi, upande wa kupanda bado uko kivulini, na kupanda ndiko kugumu: njia inavuta juu mpaka kipito cha Pas de la Colle, kisha inakaza tena kuelekea Cap Canaille penyewe, mita 363. Ukifika juu jua liko nyuma yako na linamulika hori zote za magharibi, moja nyuma ya nyingine, hadi visiwa vya Riou. Chini kabisa gati la Cassis linaonekana dogo.

Mawe yamebadilika, na utayahisi miguuni. Huku si chokaa nyeupe, ni mchanga ulioganda pamoja na kokoto za mviringo zilizogandamizwa ndani yake. Kokoto hizo zililetwa na mito kutoka nchi kavu iliyokuwa upande wa kusini, mahali ambapo leo ni bahari tupu, miaka milioni 90 hivi iliyopita. Jiwe hili linashika kiatu vizuri kuliko chokaa ya En-Vau, lakini kokoto hung'oka. Usiziamini kwa mkono.

Baada ya Grande Tête njia inashuka na kupanda kidogo kidogo kufuata ukingo, ikigusa barabara mara kwa mara. Hakuna kivuli kwa saa mbili nzima. Maji yaliyotosha siku ya pili hayatoshi hapa. Mtazamo wa mwisho ni kituo cha kulinda bahari, Sémaphore, mita 328, ambako unaiona La Ciotat, jabali la Bec de l'Aigle na Île Verte kwa pamoja. Kutoka hapo ni kuteremka.

Kurudi Cassis ni kwa treni, kituo kimoja tu. Ila La Ciotat nayo ina kituo kilicho mbali na bandari, kilomita kadhaa juu, na miguu iliyotoka Canaille haipendi habari hiyo. Panda basi. Kituo hicho ndicho ndugu wa Lumière walikopigia ile filamu fupi ya treni ikiingia, katika miaka ya kwanza kabisa ya sinema.

Siku ya 5: La Ciotat, polepole

Siku ya kupumzisha magoti. Bustani ya Mugel iko chini ya Bec de l'Aigle, jabali la mita 155 linalozuia mistral karibu wote, ndiyo maana mimea ya nchi za joto inastawi pale. Kuingia ni bure. Ufuo wake wa kokoto ni mzuri kwa kutazama samaki kwa miwani. Figuerolles, upande wa pili wa rasi, hufikiwa kwa ngazi ndefu, na ukuta wake uliotobolewa na upepo na chumvi unastahili kuguswa: kokoto zimebaki zimechomoza, saruji ya asili iliyozishika imelika.

Mashua za Île Verte hutoka bandari ya kale msimu wa joto, safari ya robo saa hivi. Kisiwa ni hekta 12 tu, kina misonobari, magofu ya ngome na vijihori vya kuogelea. Uliza mashua ya mwisho inarudi saa ngapi kabla hujashuka, na usiiache.

Siku ya 6: majini, au Sugiton

Boti za Cassis hukata tiketi kwenye kibanda cha gatini. Safari ya hori tatu ni dakika 45 na inaishia En-Vau. Ya hori tano inazidi saa moja, ya nane inazidi saa moja na nusu. Ndefu ndiyo yenye faida, kwa sababu hizo tatu za kwanza umeshazipita kwa miguu, wakati kuta za Devenson zilizo mbele yake ni wima na ndefu, na kutoka nchi kavu huzioni vizuri. Boti hazisimami kuogesha watu. Mawimbi ya levant yakiingia, safari hufutwa hata kama jua linawaka. Kaa upande wa kulia wakati wa kwenda.

Kayaki inataka akili zaidi. Hatari yake ni mistral mdogo, ule unaoonekana hauna neno. Unatoka nchi kavu kwenda baharini, kwa hiyo karibu na miamba maji ni kama kioo na kayaki inateleza yenyewe. Ukifika mdomoni mwa hori, unakusukuma nje, na kila mita uliyopewa bure utailipa kwa mabega wakati wa kurudi. Ondoka saa 2 asubuhi, shikilia ukuta, usikate kona kutoka ncha hadi ncha, na ukiona vijipovu vyeupe nje ya mdomo geuka hapo hapo. 

Asiyetaka bahari aende Sugiton. Inafikiwa kutoka chuo cha Luminy, upande wa Marseille, kwa basi la mji na kisha kama dakika 45 za mwendo mpaka mtazamo wa Belvédère de Sugiton, unaoangalia kisiwa kidogo cha Torpilleur chenye umbo la manowari. Kushuka horini katika kilele cha majira ya joto kunahitaji nafasi iliyowekwa mtandaoni siku chache kabla. Ni bure, lakini ni watu 400 tu kwa siku. Utaratibu huo ulianza 2022, baada ya siku za kilele kufikia watu 2,500. Udongo ulikuwa umekanyagwa mpaka mizizi ya misonobari ikabaki nje, na miche mipya haikuota tena.

Basi linalokwenda Cassis kwa barabara ya milimani hupita Col de la Gineste, mita 327, kwenye njia ya mbio za kilomita 20 za Marseille hadi Cassis zinazofanyika kila Oktoba na ambazo Wakenya wamezishinda mara nyingi. Wikiendi ya mbio hizo barabara hufungwa na vyumba vya Cassis hujaa, kwa hiyo anayepanga Oktoba aulize kwanza tarehe yake.